Pete ya Mbao

Kabla hajagusa skrubu hata moja, fundi aliyeitwa Twita alikuwa na desturi ya kushusha kioo cha mlango mpaka mwisho. Wateja walimcheka. Mtu kaleta gari lifungwe spika, fundi anaanza kuchezea kioo kama mtoto aliyepandishwa gari kwa mara ya kwanza. Yeye hakujali.

"Mlango ni nyumba ya wapangaji wawili," alikuwa akisema kwa ile sauti nyembamba iliyompatia jina la utani, la ile spika ndogo ya sauti ya juu. "Kioo ndiye aliyetangulia. Spika ni mgeni. Mgeni akikaa njiani, siku mwenyeji akishuka watagongana."

Basi alishusha kioo, akatoa spika ya zamani, akaingiza kidole kwenye tundu na kupima nafasi iliyobaki kati ya bati na kioo. Nafasi ikiwa ndogo kuliko sumaku ya spika mpya, alikata pete ya mbao, akaipaka rangi nyeusi isinywe maji, akaifunga kwanza, ndipo spika ikaja juu yake. Pete hiyo iliivuta spika upande wa abiria kwa unene wa kidole kimoja tu, na kidole hicho kilitosha. Hakuna mteja aliyewahi kuiona. Ilikaa gizani nyuma ya kava la mlango mpaka gari linazeeka. Twita alizipenda pete zake kuliko spika zenyewe.

Kibanda chake cha mabati kilikuwa katikati, kulia fundi matairi, kushoto mwanamke aliyeshona viti vya magari, ambaye wote walimwita Mama Viti. Cherehani ya Mama Viti ilinyamaza pale tu mwenyewe alipokuwa na la kusema, na siku nyingi haikufanya kazi sana.

Twita hakuzaliwa na bisibisi mkononi. Baba yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na sita, na mdogo wake, wa pekee, alikuwa na kumi. Mama yao aliwatazama wote wawili akasema, "Mmoja asome," bila kutaja nani. Twita aliyasukuma madaftari yake chini ya kitanda, kesho yake akaenda kubeba vyombo kwa mtengeneza redio. Redio zikalisha nyumba, zikavalisha, zikasomesha. Mdogo alipopata shahada, Twita alitoka kazini mbio, akafika amechelewa, akakaa mstari wa mwisho kabisa. Alipiga makofi mpaka mtu wa kiti cha pili akahama.

Sasa mdogo alikuwa na ofisi yenye zulia, dereva, na sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mungu anajua kugawa," Mama Viti alisema mara ya kwanza kumwona. "Wewe twita wa sauti nyembamba, yule wufa wa sauti nzito. Ila kwenye magari yako wote wawili wanapewa waya."

"Damu nzito kuliko maji, Mama Viti."

"Nzito, sikatai. Ndiyo maana haipandi mlima."

Twita hakuwa na mtoto. Alikuwa na binti wa mdogo wake, ambaye tangu anasoma shule ya msingi alipitia kibandani kila akitoka darasani, akalala kwenye viti vya magari ya watu, akaamka na alama za mshono shavuni. Twita alimtengenezea redio ndani ya kopo la biskuti. Binti huyo sasa alikuwa anaolewa. Alikuwa amepiga simu mwenyewe: "Baba Mkubwa, kadi yako usiwe na wasiwasi. Baba kasema atakuletea kwa mkono wake. Unakaa meza ya mbele, nimeshawaambia."

Twita alipeleka suti yake kwa dobi siku hiyo hiyo. Kwa muda wa wiki mbili, kila gari jeusi lililokata kona lilimfanya ajifute mikono.

Lilikuja Jumamosi asubuhi. Dereva mbele, mdogo wake nyuma kushoto, na upande wa pili mzee mmoja mwenye miwani ya dhahabu, ambaye Twita alimtambua kwa picha aliyoonyeshwa na binti: baba wa bwana harusi. Twita akatoka na mikono wazi, tayari kukumbatia.

"Fundi!" mdogo wake akasema. "Habari za kazi?"

Mikono ya Twita ilikuwa tayari hewani. Akaipeleka nyuma ya kichwa, kama mtu anayejinyoosha mgongo.

Walipokuwa peke yao mdogo alimwita Kaka. Mbele ya watu wa ofisini alimwita Fundi, na Twita alikuwa amelimeza hilo miaka mingi, kama mtu anayemeza dawa chungu kwa kuambiwa itamsaidia. Lakini huyu wa leo hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa mkwe.

"Nzuri," akajibu. "Karibuni."

"Ni fundi wako wa siku nyingi?" mzee akauliza.

"Tangu zamani. Mtu mwaminifu sana huyu."

Cherehani ikanyamaza. "Samahani, mzee wangu," Mama Viti akasema, "hivi hawa wawili hawafanani masikio, au macho yangu yameanza kuchoka?"

Mdogo akacheka kicheko cha ofisini. "Duniani wawili wawili, mama."

Spika zilikuwa kwenye maboksi mawili, za aina iliyogawanyika: ndogo ya sauti nyembamba inakaa juu karibu na kioo, kubwa ya sauti nzito inakaa chini mlangoni, na kiboksi kidogo katikati kinachompa kila mmoja fungu lake. "Milango yote minne," mdogo akaagiza. "Ila huu wa nyuma kushoto uutazame zaidi. Hapo ndipo ninapokaa mimi."

Mzee akapewa kiti cha Mama Viti. Twita akaingia kazini. Alishusha vioo vyote vinne, akapima. Milango ya mbele ilikuwa na nafasi. Ya nyuma haikuwa nayo, sumaku zingegusa njia ya kioo. Akakata pete mbili, akazipaka rangi, akaziweka kwenye meza zikauke. Alichomoa kava za milango klipu moja moja bila kuvunja hata moja, akabandua nailoni ya kuzuia maji taratibu, gundi yake nyeusi ikivutika kama ubani wa kutafuna, akapitisha waya, akafunga. Mlango wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, pamoja na pete yake. Juu ya dashibodi aliona bahasha nyeupe zilizofungwa utepe. Alijitahidi asizihesabu.

Alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nne, spika mkononi, mdogo wake alipokuja akainama karibu naye. Mzee alikuwa anaongea na simu.

"Kaka," mdogo akasema kwa sauti ya chini, "kuhusu ile siku. Unawajua watu hawa, mambo yao ni makubwa. Waliuliza habari za ukoo, nikawaambia kaka yangu yuko ng'ambo, mhandisi wa mitambo."

Twita akaitazama spika. "Naendeleaje huko?"

"Kaka, usinichekeshe, nina shida. Sisemi usije. Yule mtu wa muziki wa ukumbini simwamini. Njoo utusimamie spika. Kuna fulana za wahudumu, za njano, nitakuwekea moja kubwa."

"Na binti anajua?"

"Binti ana mambo mengi. Tusimsumbue."

Mzee akamaliza simu. Mdogo akasimama, akajikung'uta magoti ambayo hayakugusa chini. "Haya, Fundi, malizia tuwahi."

Pete ya pili ilikuwa mezani, rangi imekauka, hatua tatu tu. Twita aliitazama. Kisha akapandisha kioo mpaka juu, akaifunga spika moja kwa moja kwenye bati, skrubu nne, akazikaza kuliko kawaida. Akarudisha nailoni, akarudisha kava, akazipiga klipu kwa kiganja, pa, pa, pa. Muziki ulipowashwa, mzee mwenye miwani alitikisa kichwa kwa kuridhika, na gari likaondoka.

Mama Viti ndiye aliyeiona pete. "Hii ya nani?"

"Imezidi."

"Mwaka wa kumi na moja nakaa hapa, sijawahi kukuona ukizidisha."

Twita akaichukua, akaitia mfukoni.

Alijiambia mengi. Kwamba mdogo wake anapenda kiyoyozi, hashushi kioo hata kumpa mtu salamu. Kwamba siku atakapokishusha kitakwama, ataaibika kidogo mbele ya mkubwa mwenzake, basi. Jumatatu yalikuwa maneno ya mtu mwenye haki. Jumanne yalianza kumkera, kwa sababu mkono uliofunga mlango ule ulikuwa wake, na haukuwahi kutoa kazi mbovu tangu enzi za redio. Jumatano akapiga simu. "Fundi, niko kikaoni, nitakupigia." Hakupigiwa. Alhamisi simu iliita mpaka ikachoka.

Jumamosi ya harusi alivaa suti yake. Mfuko wa kushoto aliweka pete, wa kulia bisibisi. Alikuwa ameshapanga: watu wakiingia kula, gari litakuwa limeegeshwa, dereva anamfahamu, nusu saa inatosha. Mezani hakualikwa, kwa hiyo hakuna atakayemtafuta.

Saa tisa alasiri alisimama kwenye lango la ukumbi, pembeni ya wahudumu wenye fulana za njano. Gari jeusi likaingia polepole, limepambwa maua, muziki wake ukitetemesha milango. Mdogo wake alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Nyuma kushoto alikaa bibi harusi.

Twita alikuwa ameufikiria mlango ule siku saba mfululizo, sumaku yake, bati lake, kioo chake. Hilo moja hakulifikiria.

Binti akamwona. Nyuma ya kioo mdomo wake ukafunguka, na hata bila sauti maneno yalisomeka: Baba Mkubwa! Kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

Twita akakimbia, amenyoosha kiganja mbele, usishushe, usishushe. Binti akadhani anapungiwa. Akacheka, naye akapunga. Kioo kikashuka robo, kikashuka nusu, kikagota. Mota ikaendelea kusukuma. Ukasikika mlio mdogo kama wa punje inayopasuka motoni, halafu kioo chote kikamwagika chembe chembe juu ya shela, juu ya mapaja, ndani ya maua. Tone la damu likatokeza kwenye mkono wake, likadondokea kwenye nguo nyeupe, la pili likafuata.

Watu wakajaa. Mzee mwenye miwani alifika na ndugu zake wote. Mdogo alishuka, akautazama mlango, akamtazama Twita aliyekuwa tayari amefika dirishani, na pete ya mbao iliyokuwa mkononi mwake bila mwenyewe kujua ameitoa saa ngapi.

"Kaka," akasema. Sauti yake nzito ilifika mpaka kwa wapishi. "Kaka, umefanya nini?"

"Kaka?" mzee akauliza. "Kaka yupi?"

Binti alikuwa amenyoosha mkono kupitia dirisha lisilo na kioo. "Nishike, Baba Mkubwa. Naogopa kusogea, nimejaa vioo."

Twita akauchukua ule mkono, akaanza kuokota chembe moja moja, kwa vidole vilivyozoea vitu vidogo. Dereva alikuwa amesahau kuzima muziki. Spika iliimba karibu na goti lake, safi, haina mkwaruzo, na yeye hakuweza kujizuia kuisikia.