Sindano Ambayo Hakuna Aliyeichoma

Sindano bado imo mfukoni mwa daktari, lakini Gobnait ameshajua. Anarudi nyuma mpaka matako yanagusa ukuta wa banda, masikio kayalaza. Jicho moja liko kwa daktari, jingine liko kwa Malachy Tierney, aliyeshika hatamu.

"Nionyeshe kwanza," Malachy anasema.

Dk. Fiachra Lalor, daktari wa mifugo anayelihudumia zizi hili kwa miaka mingi, anashusha pumzi na kutoa kichupa. Malachy anakiinua kwenye mwanga. Anasoma jina la dawa polepole, anasoma tarehe ya kuharibika, kisha anakigeuza aone kama kifuniko kimeshatobolewa.

"Umeridhika, mheshimiwa hakimu?" daktari anauliza.

"Bado. Wewe choma tu."

Ni asubuhi ya Oktoba kwenye zizi la farasi wa mbio nje kidogo ya Kildare, Ireland, na mvua inanyunya tangu jana. Dk. Lalor anaosha kifundo cha mguu wa mbele wa Gobnait, anapapasa, halafu anaingiza sindano katikati ya mifupa. Ute wa njano unadondoka kwanza. Ndipo anapoisukuma steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, taratibu. Farasi jike huyo anabana pumzi. Malachy naye anabana yake, amefumba macho, na bega lake la kulia linapanda lenyewe.

"Najua anachokisikia," anasema baadaye, akimsugua Gobnait shingoni. "Watu wanadhani kinachouma ni ncha ya sindano. Ncha si kitu. Ni dawa ikiingia. Pale ndani hapana nafasi, na mtu anakulazimishia nafasi. Kunajaa, kunajaa, unataka umwambie, basi bwana, inatosha. Sasa huyu atamwambia nani?"

Malachy ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya arobaini kati ya hiyo amekuwa saisi, yaani mtunza farasi. Analisha, anazoa mavi, anapiga brashi, anatembeza, na anatakiwa ajue kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba mguu fulani umeamka na joto. Kwa kazi hiyo analipwa pungufu kidogo ya yuro mia sita kwa wiki. Bega lake limekwisha kwa kuvutwa na farasi wachanga wasiotaka kuongozwa.

Ni mtu wa mashaka, na hafichi. Kabla ya kukubali kuzungumza alitaka kujua gazeti hili ni la nani, na kama mwandishi ana ndugu anayecheza kamari ya farasi. Hayo aliyauliza ingawa ni yeye mwenyewe aliyepiga simu kuomba aandikwe.

"Kwenye mbio kila mtu anamchungulia mwenzake," anasema. "Farasi akishinda, wamempa kitu. Akishindwa, wamempa kitu. Mimi nimekulia humo. Chai yangu mwenyewe nainusa."

Bega lake lilichomwa sindano ya steroidi miaka miwili iliyopita. Usiku ule, anasema, liliwaka mpaka akamfukuza mkewe Assumpta kitandani kwa kugumia. Siku chache baadaye aliamka, akanyoosha mkono kuchukua kofia msumarini, na mkono ukaenda. Hapakuwa na maumivu hata chembe.

"Ungedhani nilifurahi," anasema. "Niliogopa. Nikajiuliza, yameenda wapi? Kitu kimeniuma miaka tisa, leo kimeondoka bila kuaga? Nikajua bega linanidanganya. Nikabeba ndoo mbili za maji kulijaribu, likachanika upya. Assumpta akaniambia wewe ni mjinga wa kuzaliwa nao."

Tangu hapo haamini farasi anayepona upesi. Mguu uliochechemea Jumatatu ukitembea vizuri Alhamisi, yeye huinama kuutafuta uongo.

Maumivu yake yalirudi, safari hii mabega yote mawili na nyonga. Daktari wake akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Malachy anaviita vidonge vya bega, na anavimeza na chai kabla ya kuja zizini. Hakuwahi kuuliza ndani yake mna nini, yeye anayesoma kila kichupa cha farasi.

Shida ilianza Mei mwaka huu. Gobnait alikuwa amechomwa sindano ya kifundo mapema, akapumzishwa, na alikuwa akiandaliwa kwa mbio za mwezi uliofuata. Mkufunzi wake, Bibi Rafter, mwenye zizi hili, hapeleki farasi uwanjani bila kwanza kupima mkojo wake kwa siri kwenye maabara ya kulipia. Wakaguzi wakikuta dawa siku ya mbio, leseni yake iko mashakani, na watu kumi na wanne wanakula kwa leseni hiyo.

Majibu yakaja. Dawa aliyochoma Dk. Lalor ilikuwa imeshatoka mwilini. Lakini mlikuwa na steroidi nyingine, ya aina ambayo daktari hakuigusa.

Bibi Rafter aliwakusanya wafanyakazi wote jikoni. Malachy anakumbuka alivyosema bila kupaza sauti: "Kuna mtu anampa farasi wangu dawa. Sitauliza leo. Nitauliza kesho."

Malachy hakungoja kesho. Alimpapasa Gobnait shingo nzima akitafuta tundu la sindano, akapata kivimbe kidogo chini ya manyoya. Huenda kilikuwa cha nzi. Yeye aliona sindano.

"Nikaanza kujiuliza nani huwa naye karibu," anasema. "Na jibu nilikuwa nalo tayari, nakwambia ukweli. Nililitaka liwe hilo."

Jibu hilo lilikuwa Wanderley Queiroz, mpanda farasi wa mazoezi kutoka Brazili, mwenye mke na mtoto mmoja, aliyekuwa na miezi minane tu zizini. Gobnait alimpenda mno. Siku za sindano, Wanderley ndiye aliyekuwa akisimama kichwani pake, amemwekea kiganja juu ya jicho, anamnong'oneza kwa Kireno mpaka daktari amalize. Pia alikuwa akimlisha vipande vya mkate wa jibini alioupika mkewe, Rosilene.

"Unamwambia nini farasi kwa lugha ambayo hatuijui?" Malachy alimuuliza siku moja.

"Namwambia mzee Malachy ana roho nzuri, ila ameificha," Wanderley alimjibu, na watu wakacheka. Malachy hakucheka.

Sasa kicheko kile, mikate ile na kunong'ona kule, vyote vikawa ushahidi. Malachy alipekua koti la Wanderley likiwa limetundikwa. Hakukuta kitu, na hilo nalo likamtia shaka, kwa sababu mtu asiye na hatia angekuwa na takataka mfukoni kama watu wengine. Akabadilisha kufuli la chumba cha chakula. Akaenda kwa Bibi Rafter.

"Nilimwambia, bosi, mimi simtaji mtu, lakini mwangalie yule anayemlisha kwa mkono. Ndivyo tunavyomtaja mtu huku."

Wanderley aliitwa ofisini, akatoka hana kazi, akachukua kofia yake ngumu. Mlangoni alisimama mbele ya Malachy.

"Mzee, umeniona nikimchoma?"

"Nimeona ya kutosha."

"Umeniona?"

Malachy alimpa mgongo na kuendelea kuzoa mavi.

Habari haikukaa. Kildare ni mazizi kwa mazizi, na kila saisi ana shemeji kwenye zizi la jirani. Kabla wiki haijaisha Wanderley alikuwa ameshapewa jina, Msindano, na kila alikobisha hodi kuomba kazi aliambiwa nafasi zimejaa. Alikwenda kukata nyama kiwandani. Mtu aliyezaliwa juu ya farasi akawa anasimama siku nzima kwenye baridi ya majokofu.

Gobnait akapimwa tena. Majibu yakaja yale yale.

"Pale moyo ulinipasuka paa," Malachy anasema. "Mwenzangu hayupo, na dawa ipo. Nikamgeukia Dk. Lalor. Nikamgeukia mwuza chakula. Usiku nikamtazama hata Assumpta."

Bibi Rafter naye aliacha kumtazama usoni. Ndipo Malachy alipoelewa kwamba sasa anayepekuliwa koti ni yeye.

Kilichofuata anakieleza akiwa amesimama palepale kilipotokea, kona ya nyuma ya banda. Masaisi wana desturi ya kumpigia farasi mluzi kila akikojoa, ili siku ya kupimwa akisikia mluzi alegeze. Na wana desturi nyingine ambayo hawaisemi mbele ya wageni. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, mvua inapiga, mtu yuko ndani ya banda tangu alfajiri. Anageukia kona, anamaliza haja yake kwenye mabua ya ngano anayotandikiwa farasi, ambayo baada ya muda atayazoa mwenyewe.

"Asubuhi ile nikapiga mluzi, Gobnait akakojoa upande wake, mimi upande wangu, kama siku zote," anasema. "Nikafunga zipu. Nikageuka kuchukua uma wa kuzolea. Huyu mama akapita pembeni yangu, akainamisha kichwa, akaanza kula yale mabua. Yangu, siyo yake. Anatafuna huku ananitazama."

Gobnait ni mlafi anayejulikana. Akimaliza chakula hula kitanda chake. Malachy aliuegemeza uma ukutani. Alirudi nyumbani, akachukua pakiti ya vidonge vya bega, akasoma kwa mara ya kwanza kikaratasi kilichomo ndani, akakuta jina la steroidi ile ile ya maabara. Akampelekea Bibi Rafter.

Bibi Rafter alisoma, akamtazama, akasoma tena.

"Unaniambia umekuwa ukimkojolea farasi wangu chakula?"

"Kitanda, bosi. Chakula ni uamuzi wake."

Mabua yalitolewa yote, banda likasuguliwa, na Malachy akaamriwa kuvuka uwanja kila akibanwa, mvua iwepo isiwepo. Sampuli iliyofuata ilikuwa safi. Agosti, Gobnait alikimbia akashika nafasi ya tatu.

Hadithi ingekuwa imeisha, kama watu wangeiamini. Hawakuiamini. Kwenye baa wanakokutana masaisi, wanasema hadithi ya mkojo imepikwa ofisini ili Bibi Rafter asafike. Wengine wanasema Malachy kalipwa anyamaze. Jina la Msindano limebaki palepale.

"Nimewafundisha mwenyewe," Malachy anasema. "Miaka yote hiyo nawaambia msiamini kitu. Leo nina ukweli mkononi, hakuna anayeupokea."

Mwezi uliopita alikwenda nyumbani kwa Wanderley. Rosilene ndiye aliyefungua mlango, akabaki ameushikilia. Wanderley alikuja nyuma yake, mikono imepasuka kwa baridi ya kiwandani.

"Umekuja kunipekua tena, mzee?"

Malachy alimweleza yote, mpaka kona, mpaka zipu. Wanderley hakutabasamu.

"Ulipowaambia ni mimi, uliwaambia wangapi?" aliuliza.

"Bosi tu. Wengine walisikia."

"Basi sasa wasikie hivyo hivyo kwamba ni wewe."

Malachy aliona aibu, anasema, aibu ya kumfanya mtu atamani ardhi impasukie. Kesho yake akapiga simu gazetini.

Bibi Rafter amethibitisha kwa mwandishi kwamba nafasi ya Wanderley ipo. "Lakini sitamrudisha mtu kwenye zizi linalomsonya," alisema. "Malachy ndiye aliyechafua, Malachy asafishe."

Kwa hiyo mpango wake ni huu. Ijumaa gazeti litakapotoka, saa za chai, masaisi wote wakiwa baa na kurasa za mbio mezani, atakaa katikati yao. Hatakwenda mapema wala hatakaa pembeni. Anataka wamsome akiwa mbele yao, wamuulize wanachotaka, wamwite jina lolote watakalo.

"Andika jina langu lote," anasema, akimfungulia Gobnait hatamu. "Malachy Aloysius Tierney. Na usiandike haja ndogo, andika nilikojoa. Ukiipamba watasema nimeanza tena kuficha. Andika kwamba sikumwona Wanderley akimchoma. Aliniuliza mara mbili, na jibu lilikuwa hapana."

Amemwalika Wanderley aje kukaa naye mezani siku hiyo. Mwandishi alipomuuliza kama amekubali, Malachy alisugua bega lake kabla ya kujibu.

"Amesema kwanza aisome."