Shangazi Apewe Maiki

Daktari aliponiambia ugonjwa wangu unaitwa fibromialgia, ushauri wake wa kwanza ulikuwa nilale vizuri. Nilimtazama. Kana kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakesha kwa jeuri! Mwili unauma kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, mto mgumu kama tofali, na hapa kwetu Chang'ombe jirani huanza kuchomelea mageti kabla sijapata hata lepe la usingizi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwani ukungu mtupu. Naweka simu kwenye friji. Siku moja nilimwamkia mtoto wa shule shikamoo, naye bila haya akaitikia marahaba.

Basi binti wa mdogo wangu akachumbiwa. Kwetu, wakwe wakija, shangazi ndiye anayesimama kuitambulisha familia. Baba yake akanijia na sura ya msiba.

"Dada, safari hii maiki apewe mtu mwingine. Utatuaibisha."

Niliumia, sitaficha. Binti mwenyewe ndiye aliyemkatalia: "Shangazi asiponitambulisha, mie sitoki chumbani."

Nikaanza kuutafuta usingizi kama mtu anayetafuta kazi. Chai ya jioni nikaacha, simu nikaifukuza chumbani, nikawa napanda kitandani mapema na kuku. Usingizi ulikuja kwa madaha, ukakaa kidogo, ukaondoka. Si haba.

Siku yenyewe nilianza vizuri. Wajomba niliwataja wote, na yule binamu yetu mlevi nilimpamba mpaka akaonekana mzee wa kanisa. Kisha binti akatolewa chumbani. Nikamshika mkono, nikafungua mdomo. Jina lake halikuja.

Na jina lenyewe ni langu! Alipozaliwa alipewa jina langu, na tangu hapo tunaitana somo, kama wanavyoitana wenye jina moja. Nilikuwa nimesahau la kwake na la kwangu kwa mpigo. Mdogo wangu akainamisha kichwa.

"Wakwe zangu," nikasema, "huyu ni somo yangu. Mie mgonjwa, silali, na jina letu limenitoka."

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Binti akanipokonya maiki taratibu.

"Shikamooni wazazi. Huyu ni shangazi yangu." Akalitaja jina letu, kwa sauti, mara mbili. "Akilisahau tena, mie ninalo."