Meli ya Hewani Ambayo Haikufika

Nilifundisha historia sekondari zaidi ya miaka ishirini, lakini meli ya hewani ya baba yangu sikuwahi kuifuatilia. Niliiweka kwenye kapu la hadithi za wazee. Baba alipoishiwa nguvu za miguu, na daktari akatuambia tusitarajie mengi, ndipo aliponiita kwake Kibosho na kuniagiza, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, nikatafute mahali ilipoangukia.

Habari yenyewe alipewa na baba yake. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, babu yake Baba alichukuliwa upagazi na kupelekwa kusini kubeba mizigo ya Wajerumani. Dawa ziliwaishia huko. Ikasemwa kwamba kutoka Ulaya inakuja meli ya hewani, puto refu kuliko kanisa, lenye injini na watu ndani, na babu akawa mmoja wa waliotumwa kuipokea. Ikawaka moto wakati inatua, ikaua waliokuwa juu na waliokuwa chini. Hivyo ndivyo mjane wake alivyoambiwa, na hilo ndilo alilolilia mpaka akafa.

Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huletwa udongo wa pale alipoanguka, ukazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na ndugu zake. Bila hivyo huhesabiwa kwamba bado yuko njiani. Baba hakukosa misa ya Jumapili hata moja maisha yake yote, na hakuona ugomvi wowote kati ya misa na udongo.

"Sitaki nife nimemwacha babu njiani," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye vitabu. Nitafutie."

Nakaa Shirimatunda, kwa hiyo maktaba ya mjini si mbali. Nilianza kwenda kila Jumanne na Alhamisi. Mkutubi alikuwa mama wa makamo, mpole. Nilipomtajia shida yangu aliuliza, "Mwalimu, unamaanisha ndege?"

"Ingekuwa ndege ningesema ndege," nikamjibu. Nina ulimi huo, wanafunzi wangu wanaujua. Yeye wala hakununa, akaenda kunitafutia vitabu vya vita vile, kimoja kimoja, hadi rafu za nyuma kabisa.

Wiki ya tatu nikaipata. Kumbe ilikuwepo kweli! Nilipiga meza, mzee aliyekuwa anasoma gazeti pembeni akashtuka. Halafu nikaendelea kusoma. Iliondoka Ulaya na shehena ya dawa na risasi kwa ajili ya Wajerumani wa huku, ikavuka bahari, ikaingia jangwani. Ikiwa juu ya Sudan ilipokea amri kwa redio igeuze, ikageuza. Haikuwahi kufika kwetu. Miezi kadhaa baadaye, ikiwa katika safari nyingine, iliungua juu ya bahari huko huko Ulaya na wote waliokuwemo wakafa.

Kitabu kiliwaelezea watu wale wa melini kwa kurasa nyingi, nahodha wao na picha yake. Wapagazi walipewa mstari mmoja, kwamba wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Nilitafuta walau jina la mto au la kijiji. Hakuna. Babu alikufa kwa njaa au kwa kuhara, kando ya njia, na mtu fulani mwenye huruma akamtungia mjane moto wa angani. Nililia pale pale mezani, kwa hasira kwanza, huzuni ikafuata. Mkutubi aliniletea kikombe cha maji.

Ningemwambia Baba siku ile ile, yangeisha. Lakini kila nilipopanda Kibosho alinidaka mlangoni. "Umepata?" Nami nikimtazama alivyokonda, nilimjibu, "Bado kidogo, Baba." Mwisho nilishuka Chekereni kununua mchele, na pale kando ya mfereji nikachota udongo, nikautia kwenye mfuko wa kaki. Nikamwambia Baba mwanafunzi wangu wa zamani anafanya kazi kusini, ameutuma kutoka pale meli ilipoungulia.

Alikuwa ameketi nje, mdogo wangu, anayekaa naye, amemvalisha koti lake la kanisani. Baba aliingiza mkono kwenye ule mfuko wa kaki. Aliusaga ule udongo kwa vidole, akaunusa, akaugusa kwa ulimi.

"Huu ni wa mpunga," alisema. "Huu ni wa Chekereni. Nimeulima kabla hujazaliwa."

Mimi, mtoto wa mkulima, nilifikiri mkulima nitamdanganya kwa udongo. Nikamweleza yote, tangu ukurasa wa kwanza hadi ule mstari mmoja. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo hakuna mahali."

"Hakuna, Baba."

"Ungeniambia tu. Nimeishi bila kujua tangu utoto, ningeendelea. Lakini kudanganywa, na wewe?"

Kesho yake asubuhi nilimpelekea jani la isale, lile la kuombea msamaha, nimelifunga fundo na kulishika kwa mikono miwili. Kwetu aliyeletewa isale hakatai, hata kama ameuliwa ndugu. Baba alilipokea. "Aika, asante mwanangu. Yamekwisha," alisema. Na hapo ndipo isale linaponitesa hadi leo, maana mtu ambaye haruhusiwi kukataa, utajuaje kama amekubali?

Aliishi miezi michache baada ya hapo. Nilihamia kwake nimuuguze, na dawa zake nilimpa mimi. Hakunisema tena, wala hakuninunia. Ila kila asubuhi nikimwambia, "Baba, vidonge ni viwili," alivishika kiganjani, akamgeukia mdogo wangu na kumwuliza taratibu, "Eti ni viwili?"

Mpaka mdogo wangu aitikie, "Ndiyo, Baba, ni viwili," ndipo alipovimeza.