Kurasa Zilizofunga Vikombe vya Papa

Harufu yenyewe ni ya karatasi kuukuu iliyokaa muda mrefu ndani ya katoni pamoja na majani makavu, ikapata unyevu njiani, kisha ikapigwa pasi ya makaa. Ina ukungu, ina vumbi la barabara, na juu ya hayo ina moshi mtamu wa kitu kinachokaribia kuungua. Siku hizi vikombe vinakuja vimefungwa plastiki isiyonuka chochote. Lakini mwezi uliopita, dukani kwangu hapa Kisangani, nilifungua katoni iliyotoka Kampala nikakuta kikombe kimoja tu kimeviringishwa katika ukurasa wa zamani. Nikaunusa mbele ya wateja wawili walionitazama kwa huruma. Wewe unayenisoma utadhani nilijisikia raha. Hapana, nilijisikia wivu, wivu uleule wa mtoto wa miaka kumi, na nimeona heri nikueleze ulikotoka.

Papa aliuza vyombo katika mtaa wa Tshopo, kandokando ya barabara inayokwenda Bengamisa. Sisi ni Wanande, tulihamia Kisangani kutoka Butembo kabla sijajua kutembea, na mali yake ilikuwa ikipitia Uganda. Huko, aliyepakia vikombe alikuwa amepata, sijui wapi, marundo ya magazeti ya watoto wa Uingereza, ya miaka mingi nyuma, akayachana ukurasa kwa ukurasa. Kila kikombe kilivaa ukurasa wake. Ndani yake kulikuwa na hadithi za picha: visanduku vyeusi na vyeupe vyenye wekundu kidogo, watu wanaokimbia, wanaoanguka, wanaoning'inia kwenye kamba, na maneno ya Kiingereza yakiwatoka mdomoni ndani ya mapovu. Hakuna nyumbani aliyejua kuyasoma.

Katoni zilifunguliwa Jumamosi mchana. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa nayo machache zaidi kwa kuogopa kuvunja. "Kikombe kwanza, maneno nyuma," alizoea kusema. Vikombe vilikwenda kwenye rafu, kurasa zikaja kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuzinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kuzipiga pasi polepole zisiungue, na kuzilaza katika katoni ya sabuni. Niliifanya kazi hiyo vizuri sana, nasema bila aibu. Nilijua hata pasi inatakiwa kupoa kiasi gani kabla ya kugusa wino mwekundu.

Basi, mimi nikinyoosha, Zaina akisimulia.

Zaina alikuwa mjukuu wa Babu Ramazani, fundi cherehani wa mlango wa pili, Mwislamu wa zile familia zilizoukuta mji huu ungali mdogo. Tulikuwa umri mmoja. Alikuwa na pengo mbele, na masikio ya kusikia kisu kikikata kamba ya katoni hata akiwa uani kwao. Aliingia, akasalimia, akachuchumaa karibu na Papa, akachukua ukurasa wenye joto kutoka mkononi mwangu na kuanza, kana kwamba Kiingereza alikinywea kwenye uji.

Hadithi tuliyoifuata ilikuwa ya mwanamume mrefu mwenye skafu ndefu shingoni. Tulimwita Fulari, yaani skafu kwa Kifaransa chetu. Alisafiri kwa gari lisilo na magurudumu, likivutwa na mbwa, katika nchi nyeupe tupu. Zaina alitangaza kwamba weupe ule ni unga wa mihogo. Katika nchi ya Fulari unga ulianguka kutoka juu mpaka ukafika magoti, na bado watu walikonda kwa njaa kwa sababu hakukuwa na maji ya kusongea. Mimi nilikuwa nimeiona theluji katika kitabu cha masista. Nikasema, "Ile haiko unga, iko neige." Papa alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, akasema, "Acha, Masika. Unga iko muzuri." Siku ile niliunguza ukurasa mmoja kwa makusudi.

Kurasa zilifika bila mpangilio. Wiki hii Fulari alikuwa na mguu uliofungwa mbao, wiki ijayo anaruka bonde na miguu mizima. Zaina hakubabaika: huo mguu mzima ni wa jana, alisema, Fulari yuko amelala anakumbuka. Kila ukurasa uliishia pabaya, barafu inapasuka au bunduki inatokea nyuma ya mwamba, na chini yake kulikuwa na mstari mdogo wa maneno ambao leo najua ulimwambia mtoto wa Uingereza asubiri wiki ijayo. Sisi tulisubiri katoni.

Na mbele ya Fulari, mbali kwenye kisanduku, karibu kila ukurasa kulikuwa na mtu mwingine mdogo kama kisiki, anayekwenda zake bila kugeuka. Huyo, Zaina alisema, ni mdogo wake Fulari. Aliondoka nyumbani akapotea, na kaka yake hatalala mpaka ampate.

Hapo ndipo Papa alipoanza kuuliza. Aliulizia juu ya katoni, kikombe mkononi, bila kumtazama mtu.

"Alors, Zaina, amemuona mudogo yake?"

"Bado, papa. Lakini iko karibu."

Najua kwetu kila mtoto humwita kila mwanamume mzima papa. Najua. Lakini mtaa mzima ulimwita Papa Masika, kwa jina langu mimi, mzaliwa wake wa kwanza, na yeye Zaina alilikata jina langu na kubaki na papa. Tena Papa akaanza kuniambia, "Usinyooshe kwanza, ngoja Zaina afike." Akaanza kumwekea kiti. Mimi aliniuliza nini? Kama nimekula, kama nimefunga mlango wa nyuma. Nilimtazama Zaina akimchekesha baba yangu kwa uongo, huku mimi ninayejua ukweli nikitoka jasho na pasi, na nilitamani pengo lake liongezeke.

Nafasi niliipata siku Tonton Paluku alipoleta mzigo. Alikuwa dereva wa lori tuliyemwita tonton, yaani ami, amesoma shule Kasese, upande wa Uganda, Kiingereza anakijua. Papa alipokuwa akiongea na wapakuaji, nilimpelekea kurasa sita nilizozichagua. Alikaa kwenye ngazi ya lori akanisomea povu moja baada ya jingine, nami nikashika yote kichwani kama katekisimu.

Jumamosi iliyofuata nilingoja mpaka Papa aulize swali lake. Alipouliza tu, nikaweka pasi chini.

"Papa, Zaina anadanganya. Tonton Paluku alisoma. Ule mutu haiko mudogo yake. Iko mwizi, alimwibia Fulari carte ya kwenda kwenye zahabu. Fulari akimupata, atamupiga risasi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa sifa. Papa alibaki ameshika kikombe ambacho bado kilikuwa ndani ya karatasi yake. Alikiweka kwenye rafu hivyohivyo, bila kukifungua.

"Bon," alisema. "Sasa tunajua."

Kisha akatoka mbele ya duka, akasimama kando ya barabara. Watu wa Bengamisa walikuwa wakipita na baiskeli zao zenye magunia ya makaa na mikungu ya ndizi, wakizisukuma kwa mikono. Alimsimamisha mmoja akamsemesha. Nilifikiri anauliza bei ya mchele, kama alivyozoea.

Zaina alinirudishia ukurasa aliokuwa nao. "Masika, nani alikutuma?" aliniuliza. Hakuna aliyenituma. Akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Nikabaki na Papa peke yangu, kama nilivyotaka. Nilimsimulia hadithi ya kweli, na dhahabu, na ramani, na majina sahihi ya watu. Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyowapa wateja wasionunua, akipanga sahani. Baada ya katoni mbili au tatu alisema nisijichoshe tena na pasi, na kurasa zikaenda kwa mama muuza mikate aliyezitumia kufungia mikate yake. Niliamini Papa amenikasirikia kwa kuwa nimemwaibisha mtoto wa jirani, na nikamchukia Zaina zaidi.

Ukutani kwetu kulikuwa na picha ya kijana anayecheka, ameshika baiskeli mpya. Huyo alikuwa Tonton Muhindo, mdogo wa Papa. Tukiuliza aliko, tuliambiwa, "Iko safari." Nilipokuwa msichana mkubwa Mama alinieleza kwamba aliondoka asubuhi moja kwenda Bengamisa kununua mchele, na kuanzia siku ile hakuonekana yeye wala baiskeli. Nilisikitika kama mtu anavyosikitikia jambo la zamani la familia. Amini usiamini, sikuunganisha. Niliishi miaka mingine zaidi ya thelathini, nikarithi duka, na sikuunganisha.

Papa alifariki mwaka jana. Zaina, aliyeolewa Barumbu, kule chini mtoni, alifika kwa boti wiki moja baada ya mazishi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Hakukubali kukaa na wageni. Alikuja nyuma, akakunja kanga, tukaosha sahani za matanga pamoja. Nilimwomba radhi kwa ile Jumamosi, nusu kwa mzaha. Nikamuuliza, kati ya uongo wote uliopo duniani, kwa nini alichagua mdogo aliyepotea.

"Baiskeli ya Bengamisa ikipita, papa yako alikuwa anasimama," alisema. "Hakuangalia mutu. Aliangalia baiskeli kwanza. Nikauliza babu. Babu akaniambia. Donc nikatia mudogo ndani ya histoire."

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Yeye hakuwa amemaliza.

"Kiisha ile siku yako, alikuja kwetu. Alikuwa na ukurasa mumoja ndani ya mufuko ya shati. Akaikala karibu na mashini ya babu. Akaniambia, 'Zaina, najua iko mwizi. Lakini wewe malizia ile yako.' Nikamumalizia."

"Ulimwambia nini?"

Alisuuza sahani, akaigeuza, akaiweka juu ya nyingine.

"Masika, ile iko ya papa yako."

Nilimuuliza tena jioni tukila. Nilimuuliza kesho yake nikimsindikiza bandarini, nimembebea mfuko wake kichwani kama ishara ya kujishusha, na jibu lilikuwa lilelile, la upole, bila hata chembe ya kulipiza kisasi. Sasa naelewa nilichokitaka zile Jumamosi: nilitaka Papa anitazame. Yeye mwenyewe sikuwa nimemtazama hata mara moja. Nilikula naye, nililala chini ya paa lake, nilimwona akisimama barabarani mamia ya siku, na mtoto wa mlango wa pili ndiye aliyejiuliza anatafuta nini.

Boti ikaondoka. Nina wajukuu wawili na mvi ninazozipaka rangi, na nilisimama pale mchana kweupe nikimwonea wivu.