Mtu Mwenye Viatu

Mwezi uliopita wapima ardhi walipanda mlima wetu kule Mkumbi. Nilipoona viatu vyao vyenye matope, nilitaka kupaza sauti nimwite Bibi, ambaye hayupo tena.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, Bibi alikuwa aking'oa mibuni peke yake. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kuja kuchukua kahawa, na yeye alitaka maharage. Palipokwisha kung'olewa alilaza majani miraba miraba, tayari kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani. Kulaza majani ni kazi ya wanaume, lakini kwetu hakukuwa na mwanaume. Harufu ya mizizi mibichi ilinifikia hadi njiani aliponiweka.

"Ukimwona mtu amevaa viatu, niite upesi."

Kwetu aliyevaa viatu ni baba tu, na baba alikuwa ameenda Songea kutafuta kazi. Nikanawa uso mferejini, nikakaa kumngoja. Jembe liligonga, likanyamaza, likagonga tena. Njia ilibaki tupu.

Sikujua kwamba enzi za Mwingereza kaka yake Bibi alifungwa kwa kukata mibuni, na kwamba bwana shamba aliyekuja kumkamata alivaa viatu. Waingereza waliondoka kabla baba hajazaliwa. Bibi alikuwa bado anawachungulia.

Jua lilipozama nilipanda kumwambia, "Bibi, hajaja."

Akaketi juu ya udongo, akafuta jasho. "Mungu ashukuriwe."

Nikajua Bibi hampendi baba. Nililia njia nzima, na jembe lake sikumpokea.