Kivinjari Kipya Kilivyonisemea Dukani

Jamani, juzi nilipakua kivinjari kipya kinachosoma kurasa kwa sauti, tena kwa Kiswahili safi! Nilikijaribu kazini, kwenye kompyuta ya steshenari yetu hapa Tukuyu. Asajile, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa amenipa mgongo akitengeneza printa. Nikavaa hedifoni, nikaandika: "Nitamwambiaje mfanyakazi mwenzangu kuwa nampenda?"

Kikasoma majibu bila kukwama. Wee! Kwa furaha nikaongeza sauti hadi mwisho. Wateja wakaanza kutabasamu. Nikawapungia mkono, nikidhani uchangamfu wangu umewakosha.

Mama Rehema, bosi wangu, akanishika bega. "Mwanangu, waya wa hedifoni hujauchomeka."

Spika za dukani zikaendelea: "Anza kwa kumwalika chai."

Asajile akageuka, bisibisi mkononi. "Ya maziwa au ya rangi?"