Askari na Mitalawanda ya Bi Mwanaidi

Jumatano, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la darasa la tano, lile lenye hesabu za kuzidisha nyuma ya jalada. Saa hiyo sikuibuni. Redio ya dukani kwa baba ilikuwa katikati ya matangazo ya vifo, na mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akisikiliza kama kuna jina la mtu wa kwetu.

Daftari hilo sikulifungua kwa miaka mitano. Juzi hapa bwenini msichana mmoja wa Tanga alipita kwenda kuoga amevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao. Ko, ko, ko, kwenye sakafu ya saruji. Wenzangu waliendelea kusoma. Mimi mkono wangu uliingia wenyewe kwenye mfuko wa sketi kutafuta dagaa. Ndipo nikalitoa daftari sandukuni, na sasa nawahadithia ninyi kwa kalamu, maana kwa mdomo sijawahi kuweza.

Tulikuwa wapangaji Kariakoo, nyumba ya Bi Mwanaidi: vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na uani nyuma ambako wote tulipika, tulifua na tuligombana. Sisi ndio tuliokuwa Wakristo peke yetu humo, watu wa Kilimanjaro, na baba alikuwa na duka dogo chumba cha mbele. Wezi walikuwa wametoboa ukuta wa duka wakaondoka na sabuni zote, na miaka hiyo sabuni watu walikuwa wanaipangia foleni tangu alfajiri. Baba akaenda kwa binamu yake Magomeni, akarudi na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Baba akampa jina Askari. Siku ya kwanza Askari alikimbizwa na kuku.

Basi Jumatano ile Bi Mwanaidi alikuwa ameteka maji ya kutawadhia kwenye ndoo yake ndogo ya bati, akaiweka karibu na ukuta, akarudi chumbani kuchukua kanga. Aliporudi, Askari alikuwa amezamisha pua ndani, anakunywa kwa sauti kama mtu anayepiga makofi.

Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Alimwaga maji, akachota mchanga, akaanza kuisugua ndoo. Mara saba aliiosha, moja kwa mchanga na sita kwa maji, na sote tulisimama tunahesabu kimoyomoyo. Maji yenyewe tulikuwa tunayachota bombani mtaa wa pili. Alipomaliza akasema, "Baba Manka, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni mate yake."

Baba aliona aibu mpaka masikio yakang'aa. "Nitamfunza adabu, Bibi. Utaona mwenyewe."

Akakata ufito. Na kweli Bi Mwanaidi aliona mwenyewe, maana baba alihakikisha anaona. Kila alasiri, mitalawanda ilipoanza kulia ukumbini, baba aliacha wateja dukani, akaja uani, akamshika Askari shingoni karibu na ile ndoo na kumchapa. "Ukicheka na nyani utavuna mabua," alikuwa akisema huku anachapa, kama anayetueleza sote. Mimi nilijificha nyuma ya kamba ya nguo. Niliziba masikio, lakini macho sikuyaziba, na ndiyo maana niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Siku ya nne Askari alianza kutetemeka kabla ufito haujaonekana. Alitetemeka aliposikia ko, ko, ko. Wala ndoo alikuwa haiangalii. Macho yake yote yalikuwa kwenye mlango wa ukumbi, pale atakapotokea Bi Mwanaidi.

Jumatano iliyofuata baba alikuwa sokoni. Mitalawanda ikalia, Bi Mwanaidi akatokea, na Askari, mbwa asiyeweza kumshinda kuku, akatoa meno na kuirukia miguu yake. Hakumng'ata. Lakini bibi alirudi nyuma kwa mshtuko, mtalawanda mmoja ukateleza, akaanguka na kuteguka kifundo cha mguu.

Jioni hiyo mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, alikaa kwenye benchi letu na kofia yake gotini. Alimsikiliza Bi Mwanaidi, akamsikiliza baba, akasema, "Ndugu zangu, hapa tunaishi kwa kuvumiliana. Bibi kateguka mguu, bado anasema asifukuzwe mtu. Sawa. Suala la mbwa niachieni mimi. Nampa wiki mbili na siku chache. Jumapili ile ya baadaye nakuja mwenyewe, saa ya alasiri. Nikimkuta hivi hivi, anaondoka."

"Ataenda Buguruni," baba akajibu haraka. "Kuna gereji pale, mlinzi wao anajua kuwafunza."

Nilimjua mlinzi huyo kwa kusikia. Watoto wote walimjua. Mbwa wake aliwafungia mchana kutwa ndani ya pipa na kuwalisha pilipili ili wawe wakali. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Nami si mtu wa kuamka na neno nikalisema.

Kilichonisaidia ni ukoko. Mama alikuwa anakwangua sufuria ya ugali, krr, krr, na Askari aliyekuwa amejikunja chini ya karo akatoka mbio, mkia juu, akakaa mbele ya mama. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ile sauti ndiyo iliyomwambia. Nikasimama na beseni langu la vyombo nikijiuliza: kama sauti moja inamwambia ukoko, na sauti nyingine inamwambia ufito, je, hiyo ya pili haiwezi kubadilishiwa ujumbe? Mitalawanda ikilia, badala ya kupigwa, apate kitu. Tena akipatie mbali na ndoo, kwenye gunia lake kona ya kuni.

Kitu chenyewe kilikuwa dagaa. Nyumbani hapakuwa na chakula cha kugawia mbwa, kwa hiyo nilitoa kwenye sahani yangu, dagaa watano kila mlo, wakaingia mfuko wa sketi ya shule. Darasani nilikaa dirishani upepo unichukulie harufu, wapi! "Jamani, leo soko la samaki la feri limehamia la tano B!" wenzangu walikuwa wakisema. Mmoja alinibatiza Manka Kauzu, yaani dagaa mkavu, na jina hilo lilikaa mpaka darasa la saba. Nililia chooni mara mbili, hilo nalisema kweli. Lakini dagaa sikuwatoa mfukoni.

Kikwazo kilikuwa Bi Mwanaidi. Nilihitaji atembee pole pole, mara nyingi kwa siku, hata saa ambazo si za kusali. Na mimi hata shikamoo yangu kwake ilikuwa ya kunong'ona. Nikamwandikia barua. Nikaisukuma chini ya mlango wake, nikakimbia.

Sikufikiri kwamba Bi Mwanaidi alikuwa bado yuko kwenye kisomo cha watu wazima, na kwamba barua yangu ilikuwa ya kwanza kuandikiwa maishani mwake. Alitoka nayo uani akichechemea, akakaa kwenye kigoda, akaiweka mbali na macho, na kuisoma kwa sauti kama walivyofundishwa, silabi kwa silabi, mbele ya wapangaji wote.

"Shi-ka-moo Bi-bi. Na-o-mba u-te-mbee ku-le u-ku-mbi-ni..." Akapumua. "...u-ki-vaa mi-ta-la-wa-nda ya-ko. Ni-na-mfu-nza mbwa."

Kisha mpangaji wa chumba cha nne akaangua kicheko. "Haya bibi! Umeajiriwa na mbwa!"

"Nyamaza wewe, nasoma," Bi Mwanaidi akamwambia, akairudia barua yote toka juu, safari hii bila kukwama sana. Alipofika mwisho aliikunja vizuri. "Manka! Toka huko nyuma ya shuka, miguu yako naiona. Mbona hukuja na mdomo wako?"

Nikatoka nyuma ya shuka, mkono mfukoni kwenye dagaa.

"Nitatembea," akasema. "Mate yake yabaki kwake tu. Na huyo baba yako asinishikie fimbo kwa jina langu. Mimi sikumtuma."

Mama ndiye aliyempelekea baba maneno hayo. Sijui alimwambiaje. Nilichosikia ni baba kujibu, "Haya, na afundishe kwa kubembeleza, tuone." Akauegemeza ufito nyuma ya mlango wa duka.

Siku mbili za kwanza nilishindwa kabisa. Bi Mwanaidi alitembea ukumbini, mimi nikaweka dagaa kwenye gunia, na Askari hata hakunusa dagaa. Mbwa mwenye hofu hali. Mtu yeyote anayefuga namwambia hilo: ukiona mbwa amekataa hata dagaa, umemsogeza karibu mno na anachokiogopa. Basi nikamwomba bibi, kwa barua ya pili, abaki chumbani, mlango ufungwe, aivae mitalawanda mikononi na kugonga sakafu taratibu. Akacheka mpaka akakohoa, lakini akagonga. Ko. Dagaa. Kimya. Ko. Dagaa. Siku hiyo Askari alikula.

Tukaenda hivyo. Mlango ukafunguliwa kidogo. Kisha bibi akavaa miguuni, akasimama kizingitini. Kisha hatua moja, na kurudi. Askari akitetemeka, tulirudi nyuma tulikotoka, hatukumlazimisha. Nilimsemesha kwa kunong'ona kwa sababu sikuwa na sauti nyingine, na nikagundua mbwa hakuhitaji zaidi ya hiyo. Mwisho wa wiki ya pili mitalawanda ikilia tu, Askari alikuwa wa kwanza kufika kwenye gunia, anakaa, ananitazama mfuko.

Jumapili ikafika. Mzee Kondo alikaa kwenye benchi, wapangaji wakajipanga ukutani kama kwenye ngoma. Ndoo ya bati iliwekwa mahali pake. Ko, ko, ko, ukumbini. Askari akainuka kwenda kwenye gunia, akafika katikati ya uani, akasimama. Mwili wote ukaanza kutetemeka. Akajikojolea pale pale.

"Si nilisema?" mpangaji wa chumba cha nne akasema.

Mzee Kondo akatikisa kichwa na kuchukua kofia yake gotini. Nami niligeuka kufuata macho ya Askari, nikamwona baba. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja nyuma ya mgongo, na ncha ya ufito ilikuwa inachungulia juu ya bega lake.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Baba, fimbo."

"Unasemaje?"

Watu wote waliniangalia. Kwetu mtoto hamsahihishi baba, sembuse mbele ya mjumbe. Hata hivyo nikarudia. "Fimbo, baba. Itoe. Askari hamwogopi bibi tena. Anakuogopa wewe."

Baba hakuushusha ufito. Ukumbini Bi Mwanaidi akapaza sauti, "Baba Manka, itoe hiyo fimbo! Mimi huku nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo!"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimwokoa baba. Akaurusha ufito juu ya paa la bati, ukabingirika, ukatulia. Mzee Kondo akairudisha kofia gotini. Tukangoja mpaka Askari akajikung'uta. Bibi akaanza upya toka mlango wa mbele. Ko, ko, ko. Akatokea uani, akapita hatua tatu kutoka kwa Askari, akainama kwenye ndoo yake. Askari alikuwa kwenye gunia, amekaa, sikio moja juu, anatafuna.

"Mbwa huyu anasikia kuliko watu wa mkutano wangu," Mzee Kondo akasema. Akatoa hukumu: abaki, ila afungwe kamba saa za sala mpaka kila mtu nyumbani aridhike.

Nilimchukia baba wiki zile, na niliandika hivyo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Sasa niko kidato cha tatu, nimesoma kurasa zile mara mbili juzi, na naona nilichokuwa nakiandika bila kukijua. Baba hakuwahi kumchapa Askari pasipo mtu. Alimchapa pale tu Bi Mwanaidi alipokuwa anatazama. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, ana watoto watatu na duka lililotobolewa, na alijua kwamba neno moja la mwenye nyumba lingetutoa sote na masufuria yetu barabarani. Alitetemeka kama mbwa, ila yeye alikuwa na ufito. Bi Mwanaidi mwenyewe hakuwa na nia hiyo hata siku moja, lakini kabla ya mjumbe kulitamka, nani angemwambia baba? Sisi kwetu hatuulizani mambo hayo.

Mtoto wa miaka kumi na mmoja hakuyajua yote hayo. Alijua tu kwamba kazi ilikuwa haijaisha. Jumapili jioni baba alipopita uani Askari alijibana ukutani, mkia katikati ya miguu, na mbwa anayemwogopa mwenye duka hawezi kulinda duka.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, nimeshavaa sare, baba akiwa anatafuta funguo za duka, nilimvuta shati. Alinifuata mpaka kona ya kuni bila kuuliza kitu. Nilimfungua kiganja, nikamwekea dagaa watatu.

"Chuchumaa, baba," nikamwambia. "Usimwangalie machoni. Ngoja mpaka aje mwenyewe."

Baba akachuchumaa.